Kitovu cha Spika

Fundi Chedego hakuuliza zilinunuliwa lini.
Alichomoa betri ya saa ya ukutani,
akagusisha nyaya mbili nyuma ya boksi.
Ya kushoto ikasema *pu*.
Ya kulia ikasema *krrr*,
kama mtu aliyeitwa usingizini
akaitika kabla hajajua anaitwa na nani.

"Mpira umeoza," akasema, na kweli,
ulimkatikia mkononi, ukabaki kidoleni
mweusi, unanata,
kama zabibu iliyosahaulika mfukoni.

Hapo Majengo, nyuma ya soko,
upepo wa Agosti ulikuwa umetutangulia mezani:
vumbi juu ya risasi, vumbi juu ya koleo,
vumbi ndani ya chai.
Dodoma, kilicho wazi ni cha vumbi,
na spika ni mdomo
ambao haukufungwa miaka thelathini na minane.

Akapiga hesabu kwenye kiganja:
koni mbili, koili mbili, mpira, gundi,
kapasita zilizovimba.
Laki na themanini.
Kisha akanielekeza kwa kidevu
duka la ng'ambo ya barabara:
mpya, nyeusi, zinawaka taa za buluu zikiongea,
laki na nusu, waranti miezi sita,
muziki unatoka kwenye simu, waya wa nini?

"Mimi ni fundi," akasema, "ila sitaki kukudanganya.
Nikibadili koni, koili na mpira,
kitakachobaki cha baba yako ni mbao."

Mbao zenyewe ni mninga.
Baba alizileta kwa treni kutoka Tabora,
kazifunga ndani ya godoro lake,
yeye akalala sakafuni mwa behewa.
Akaziweka sebuleni, kila moja imegeuka kidogo,
kama ndugu waliopatanishwa juzi,
kiti chake katikati.
"Gita linaishi kushoto," alitufundisha,
"tarumbeta zinaishi kulia.
Mwimbaji hana nyumba.
Anasimama hapa, mbele ya pua yangu."

Nilikuwa na miaka mitano.
Nikaenda kumbishia hodi huyo mwimbaji.
Kidole kimoja, spika ya kulia, kwenye kitovu.
Kikabonyea.

Hakunichapa.
Alipiga magoti, akaweka mdomo, akavuta pumzi,
akavuta tena, mpaka kikachomoka,
ila si chote. Ulibaki mkunjo
wa ukubwa wa ukucha wa mtoto.
Na mama, ungo wa uwele mapajani:
"Foibe, uwe shahidi.
Mimi hajawahi kunibusu hivyo mchana."

Elieza kapiga simu kutoka Kahama:
dada, tupa, natuma hela ya mpya.
Ana haki.
Siku ya kitovu alikuwa hajazaliwa.

Tangu tumzike baba kule Mvumi
nimekuwa nikipiga ya kushoto peke yake.
Miezi minane ya nusu bendi.
Gita linauliza, tarumbeta haijibu,
na juzi nikajikuta, mikono kwenye povu la vyombo,
naijibia kwa midomo.

"Badili mpira tu, Fundi. Koni ziache."
"Ya kulia itakwaruza kwenye besi."
"Itakwaruza."
"Utarudi kunilaumu."
"Nitarudi."
Akajikuna shingo kwa bisibisi.
"Sasa huko ndiko kukarabati, au tukuiteje?"
Sikuwa na jina la kumpa.
Nikampa elfu arobaini za kianzio.

Nyumbani, Chang'ombe, sakafuni,
pamebaki mistatili miwili,
wekundu wake bado ule wa siku ya kwanza.
Jana nimepiga deki.
Nimeizunguka.