Daftari la Jumamosi

Ukurasa wa kwanza nimepiga mistari kwa rula:
jina, kiasi, baki.
Ukurasa wa pili rula imepotea.

Bendi inatoka Kigoma, inashuka na treni ya Ijumaa,
Jumamosi inapiga Nyota Njema, kule Cheyo,
saa tatu kwa tangazo, saa tano kwa ukweli.
Kiingilio elfu saba. Meza ya watu wanane
inawekewa elfu ishirini, hairudishwi
hata mkifiwa, kasema meneja,
akacheka peke yake.

Mihayo kalipa yote, noti hazijapata mkunjo:
kauza tumbaku, wiki hii ni muungwana.
Doto kalipa nusu, na maneno mengi.
Mwalimu Kazimili anauliza kama kuna risiti.
Nimempa. Nimeichora mwenyewe,
muhuri nimegonga kwa kizibo cha soda.
Shija atakuja na mkewe. Au hatakuja na mkewe.
Nimeandika moja na nusu, kwa penseli.

Getruda yuko zamu ya usiku Kitete,
anatafuta wa kubadilishana naye;
kila anayemwomba anauliza, bendi gani?
na akishatajiwa
naye anaitaka Jumamosi yake.

Kwenda tutatembea, vumbi la Isevya halijaua mtu.
Kurudi ni bodaboda,
na bodaboda wa saa tisa usiku
anapanga bei kwa urefu wa kisigino.
Wanawake tumekubaliana: ndala ndani ya pochi.

Kikao cha mwisho tulikaa nyuma ya duka langu,
juu ya madumu ya asali yaliyo matupu.
Doto akaanza: na Mzee Sizya, tumweke?
Miaka thelathini ya karakana ya reli
imemla masikio yote mawili.
Unamkaribisha chai, anakujibu "Jumanne".
Kiingilio cha nini, mtu hasikii?
Elfu saba hiyo ni nyama.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekataa pia.
Kalamu yangu ikabaki hewani.

Na Sizya alikuwa pale pale, anamenya karanga,
anatutazama midomo
kama abiria anayesoma gazeti la jirani.
Akafuta chumvi kwenye suruali,
akaweka elfu kumi juu ya daftari.

"Nikalisheni karibu na spika ya besi.
Solo sikilizeni nyinyi, na huyo mwimbaji wenu.
Besi mimi inanijia kwa benchi,
inapanda mbao, inaingia kiunoni,
inakwea uti wa mgongo
stesheni moja moja, haivuki hata ndogo.
Na hiyo elfu tatu ya chenji
punguzeni deni la Doto."

Doto akainama, akatafuta kitu chini ya dumu.
Akakitafuta muda mrefu.

Asubuhi nimempigia meneja: tubadilishie meza.
Ile ya kando ya spika? Ile haina mteja, mama,
watu hawasikilizani, chukueni kwa elfu kumi na tano.
Elfu tano iliyookoka nimeiandika
mbele ya jina la Sizya, safu ya baki,
kwa wino.

Getruda kapata mtu. Mlokole. Mungu ni mwema.

Leo Ijumaa tumeshuka stesheni kuipokea bendi,
kana kwamba imetualika.
Saa ya treni imepita, imepita tena.
Kipaza sauti kinakoroma, hakitaji kitu.
Mwalimu ameshaanza habari ya kurudishiwa fedha.

Sizya akasogea ukingoni, akavua kiatu,
akashuka, akakanyaga chuma kwa unyayo mtupu.
Akafumba macho.
"Hapa bado," akasema kwa sauti kubwa mno,
kama wasemavyo viziwi. "Labda wako Usoke."

Tulisimama tukimtazama mguu.
Kisha Doto, bila kumwangalia mtu,
akainama kufungua kamba za kiatu chake.