Mlango wa Makufuli Matano

Waliniletea karatasi karakanani, Langoni,
ina mihuri mitano na doa la chai:
Fundi Shekuwe, tutengenezee mlango
wa ghala la silaha za Muungano, kule Mokowe.
Makufuli matano. Kila dola na ufunguo wake.
Asiwepo wa kufungua peke yake.

Nikauliza mbao. Wakabishana wiki mbili.
Mvule wa nani? Chuma cha nani?
Mmoja hakutaki kufuli lake kukaa chini ya la jirani,
basi nikayapanga sawia, ubavu kwa ubavu,
mlango ukawa kama kinywa kilichoshonwa.

Juu ya bawaba hakuna aliyesema neno.
Mke wangu Mwanaesha, akifagia maranda,
akanena kwa Kiamu chake: "Mwango ni bawaba, weye.
Hizo kufuli ni mapambo ya mato."

Siku ya uzinduzi palikuwa na hema, halua, hotuba.
Adui wa mmoja ni adui wa wote. Makofi.
Kisha mwanasheria akasoma tanbihi:
isipokuwa bunge la nchi husika liamue vinginevyo.
Makofi tena, ila ya vidole.

Mwezi wa nane, usiku, simu kutoka Kiunga.
Milio. Paa zinawaka. Watu wamekimbilia mikokoni.
Funguo nne zilifika kabla ya alfajiri,
mmoja kwa helikopta,
mmoja na kapteni aliyevaa viatu visivyo jozi.
Wa tano ulikuwa mezani, mji wa mbali,
ukingoja akidi.

Siwalaumu. Hata mimi
sitaki jirani aingie kwangu bila hodi,
ingawa ni yeye niliyemwita jiko liliposhika moto;
akaruka ukuta, akavunja dirisha, akazima,
na dirisha hilo hadi leo namdai.

Sasa niseme lisilomo mkatabani.
Fundi hachongi funguo tano bila kielelezo.
Kipo, ndani ya kopo la iliki, juu ya kabati:
chuma kimoja, meno ya wote watano.
Si cha nchi yoyote. Kinanuka chai.

Kapteni yule amesimama barazani pangu,
maji ya kivuko yanamchuruzika magotini.
Hajauliza kitu. Anatazama mikono yangu.
Mwanaesha amezima redio.
Kopo nimekwisha kulishika.