Kuzamia

Mama halipendi neno hili.
Mwaka ule mjomba Mbaruku alipozamia meli ya mahindi
akaenda zake Durban,
alipiga simu mara moja, akauliza kama mbuzi amezaa,
kisha basi.
Kwa hiyo nikisema, "Mama, nataka kufundisha kuzamia,"
anaacha mwiko ndani ya sufuria:
"Hayo nayo yana shule?"

Yana. Kunduchi, nyuma ya hoteli iliyopakwa rangi upande mmoja,
chumba cha mitungi na kompresa inayokohoa tangu alfajiri.
Mwalimu Lusajo ni mtu wa Tukuyu,
aliiona bahari akiwa na miaka ishirini na sita,
akaiogopa, akaizoea,
akaiogopa tena, safari hii kwa adabu.

Karatasi mbili ziko mezani.
Moja ya ofisi: miaka tisa nakomboa mizigo ya watu bandarini,
najua ushuru wa friji, wa matairi, wa maua ya plastiki.
Wananipandisha niwe msimamizi wa zamu,
na bima ya afya, jina la mama ndani yake.
Nyingine ya Lusajo: milioni tano kasoro,
miezi minne bila mshahara,
halafu wateja wa msimu, na masika hakuna mtu,
maji yanageuka chai ya maziwa,
unabaki kuanika suti za watu waliokwisha kupanda ndege.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.
Sisi tunayavalia: suti, mkanda wa risasi, miwani, mtungi,
na ukishavaa vyote hivyo
bado unaruhusiwa kukaa kwenye boti ukasema, leo hapana.
Lusajo anasema huo ndio mtihani wenyewe.

Nilidhani nitalipwa kwa kutazama samaki.
Jumamosi, Mbudya, mita nane,
pale matumbawe yaliyovunjwa na baruti
yanapoanza kuota vidole upya,
Bwana Kiwelu, hakimu mstaafu,
mtu aliyefunga watu miaka thelathini,
alitaka kuking'oa kipumulio mdomoni.
Macho yake yalijaa miwani nzima.
Nikamkamata ukanda wa kifua, nikamhesabia kwa vidole:
vuta, toa. Vuta.
Toa, mheshimiwa, toa.
Sikuona kitu kingine duniani
ila mapovu ya pumzi yake, kwanza rundo, fujo,
kisha moja moja, yakipanda kwa foleni.

Kwenye boti Lusajo akauliza, "Umeiona ile taa?"
Taa gani, mchana huu?
"Taa, dada. Samaki. Pana kama mlango wa gereji,
imepita juu ya vichwa vyenu mara mbili."
Sikuiona.
"Basi," akasema, akimenya chungwa, "umeshaanza kazi."

Nilikasirika, kusema kweli.
Njia nzima hadi Kijichi nilikuwa namdai mtu taa yangu.
Lakini hakimu alinishika mkono pale ufukweni
akasahau kuuachia,
akicheka kama mtoto aliyeamka homa imeshuka.

Usiku nampa mama fomu.
Anafuata mistari kwa kidole, masikio, pumu, kifafa,
anakwama penye: mtu wa kujulishwa.
"Kujulishwa nini?"
Nikichelewa kupanda.
Ananyamaza.
"Mbaruku hakuacha mstari kama huu."
Halafu: "Na ukishuka, unarudije?"
Polepole, mama. Mita tano kabla ya kufika juu tunasimama,
dakika tatu, hatupandi, hatushuki,
mwili uyaachie uliyoyabeba huko chini.
"Dakika tatu," anasema. "Mimi huu mwaka wa ishirini."

Anaomba kalamu.
Anaandika majina yake yote matatu,
namba ya simu, na chini yake ile laini ya zamani
anayoiwekea vocha mpaka leo
kwa ajili ya mmoja aliyezamia.

Mimi sijatia sahihi.
Barua ya ofisi iko chini ya chupa ya chai,
imeshapata duara.
Kesho saa mbili nina kontena la matairi.
Saa kumi, mitungi sita ya kujaza.