Masikio ya Egidio

Trieste wana upepo wanaouita bora.
Kwa lugha yangu ni sifa;
kwao huangusha pikipiki.
Ndio uliomsukuma Nerina dukani kwa Furlan,
kikuza sauti kifuani, kimeviringishwa sweta.

"Nataka ile." Kidole juu ya kioo:
sindano ya koili, nyepesi kama kope,
bei yake pensheni ya miezi miwili.

Furlan akafungua kifuniko, akainusa lehemu.
"Nani aliyelehemu haya?"
"Kaka yangu. Fundi wa meli."

"Ile hunong'ona, bibi. Theluthi ya milivolti.
Na hiki chako kina masikio mazito:
itaita, hakitaitika.
Ukipandisha, utapandisha mvumo tu.
Chanda na pete, ndiyo, lakini kwa kipimo."

Nerina akacheka, kisha akaacha.
Miaka thelathini ya nyundo ndani ya matumbo ya meli:
Egidio aliunda chombo mfano wa masikio yake.
Sema kwa nguvu, au nyamaza.

Akachukua ya sumaku, ya bei ya viatu.
Milivolti tano. Omu elfu arobaini na saba,
kama penseli ilivyoandika chini ya kifuniko,
saba yake ikiwa na mkanda kiunoni.

Usiku, bora ukigonga madirisha,
akaishusha sindano.
Kwanza mkwaruzo,
pale alipodondosha sigara mwaka wa mgomo.
Ulisikika waziwazi, kama mtu anayebisha hodi.

Akapunguza sauti, kwa ajili ya majirani.
Halafu akairudisha juu.