Sahau Mtandao Huu

Saa tatu usiku, Aberdeen, theluji imegeuka tope,
Bwana Farquhar anagonga mlango wangu kwa bakora,
kompyuta kaikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa.
"Wewe kijana," ananiita. Nina miaka arobaini na tisa.
"Waifai haishiki. Tangu Jumanne haishiki."

Napanda naye ngazi. Nyumba za mji huu ni za graniti,
kuta nene kama kiburi; wimbi likitoka sebuleni
hufika jikoni limechoka.

Naanza pale tunapoanzia sote:
zima. Hesabu hadi thelathini. Washa.
Kisanduku juu ya kabati la vyombo kinakonyeza,
taa nne za kijani, hakina neno.
Nachomoa waya, napuliza vumbi, nachomeka.
Naihamisha mashine dirishani, mezani, hadi mlangoni mwa choo,
na mzee nyuma yangu anaburuta slipa,
kila hatua anauliza: "Sasa?"
Sasa bado.

Mfukoni simu yangu inatetemeka.
Ujumbe wa zamu ya kesho. Umepita hapa hapa,
katika hewa yake.
Nanyamaza,
maana neno la siri ninalo tangu baridi ile niliyohamia,
Isla aliponiandikia nyuma ya risiti ya mkate:
"Usimwambie. Atasema utaumaliza."
Basi najua, kama mwizi ajuavyo mbwa yupi habweki,
kisanduku ni kizima. Mgonjwa ni mashine.

Kwenye kioo, chini ya jina ISLA-JUU, kuna kitufe:
Sahau mtandao huu.
Tiba ya kawaida. Unasahau, unaandika neno la siri, unaanza upya.
Namsomea kwa sauti.
Ananishika kifundo cha mkono.
"Usibonyeze hicho."
Hasemi kwa nini. Birika linapiga mluzi jikoni,
hakuna anayekwenda.

Haya.
Naipindua mashine kama mtu anayekagua papai,
napapasa ubavu: tundu la chaji, tundu la spika za masikioni,
halafu kijiswichi, kidogo kuliko ukucha wa mtoto,
kimesukumwa kushoto.
"Jumanne ulifanya nini, Bwana Farquhar?"
"Nilipangusa vumbi. Yeye ndiye alikuwa akipangusa."
Nakisukuma kulia.

Barua zinaingia, arobaini na moja,
karibu zote za duka la viatu, moja ya kampuni ya umeme.
Anazisoma zote kwa sauti, amesimama,
hata bei, hata "jiondoe hapa" ya mwisho.
Chai tunainywa imeshapoa.

Chini, mlangoni kwangu, simu inashika tena jina lake,
vistari vitatu kati ya vinne.
Kesho nitamwambia.
Au nitampelekea mkate, nione kama atauliza.