Saa Mia na Sitini na Nane

Nilimaliza kuilipa mwezi wa kumi na moja.
Lari ya mwisho niliiweka juu ya kaunta, hapa Kutaisi,
nikapewa risiti, nikaambiwa: hongera, sasa ni yako.

Yangu?
Ndani yake mlikuwa na mchezo wa peremende zinazopasuka.
Sikuuomba, sikuwahi kuucheza,
na kila nikitaka kuufuta unaniambia haiwezekani.
Mlikuwa na programu ya hali ya hewa
iliyojua mvua ya mto Rioni kabla sijatoa kichwa dirishani,
kisha ikamwambia mtu, sijui nani,
kwamba nimetoa kichwa.
Mpangaji haulizwi rangi ya ukuta.
Nikasema basi, nitachimba hadi mzizini.

Kiwanda kikanijibu kwa adabu:
ombi lako la kufungua kufuli limepokelewa,
tafadhali subiri saa mia na sitini na nane.
Dada yangu Natela aliachana na mumewe kwa siku nne.

Nikasubiri.
Jumanne nilianika jozi. Jumatano umeme ulikatika.
Siku ya saba, usiku,
waya mweupe kati ya simu na kompyuta kuukuu ya Gocha,
onyo likaja kwa herufi nyekundu:
kila kilichomo kitafutwa.
Picha nilishazihamisha. Namba nilishazihamisha.
Nikabonyeza ndiyo,
kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda.

Ikazima.
Nembo ikatokea, ikapotea, ikatokea.
Katika giza hilo niliahidi mambo mengi
ambayo sitayataja hapa.
Ilipowaka haikunijua.
Iliniuliza ninatumia lugha gani,
kana kwamba hatukulala mto mmoja miaka miwili.

Kazi ikaendelea hadi jogoo wa pili.
Mwishowe alama ndogo ya reli ikasimama kwenye kioo,
peke yake, ikisubiri.
Maana yake: amuru.

Nikaufuta mchezo wa peremende.
Nikautafuta tena kwa makusudi, ili nisiuone.
Nikacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Halafu nikaikumbuka sauti ya mama,
sekunde arobaini tu,
akinieleza kitunguu saumu kinatiwa lini
kwenye mchuzi wa jozi.
Haikuwa kwenye picha. Haikuwa kwenye namba.
Ilikaa katika chumba ambacho sikujua kina mlango.

Mama yu hai. Nilimpigia kulipokucha.
Akasema: siku ile nilikueleza vizuri sana.
Leo nitakudanganya.

Benki nayo ikanifungia: kifaa hiki si salama.
Sasa kila mwisho wa mwezi napanga foleni
nyuma ya bibi Guliko na daftari lake la akiba.
Ananigeukia: mtu mzima kama wewe huna simu?
Ninayo, bibi.
Ndiyo maana niko hapa.

Na kila saa nne usiku kiwanda hubisha hodi:
sasisho jipya, linaziba nyufa.
Najua nyufa zipo, na mwizi haulizi
mlango uliachwa wazi na nani.
Najua pia kwamba likiingia litaung'oa mzizi wangu,
na zile peremende zitarudi kitini
kama mkubwa aliyetoka safari.
Sasa, au baadaye?
Baadaye.
Kidole kimeota sugu kwa neno hilo.

Jana Ineza wa ghorofa ya chini alinijia na simu yake,
mkono una unga bado.
Nasikia wewe unajua kuzifungua.
Najua, nikasema. Keti kwanza.
Humo ndani una nini ambacho hukumbuki kwamba unacho?

Akafikiri.
Chai ikapoa, akaifikiria na hiyo chai.
Kisha akaifuta simu kwa pindo la aproni,
akaitia mfukoni,
akaniuliza bei ya jozi.