Ulimi wa Hita

Mwezi wa sita Njombe haikubembelezi.
Alfajiri nyasi za uani zimemwagiwa chumvi,
na Corolla ya marehemu baba
hukohoa mara tatu kabla ya kukubali.

Hita inafanya kazi. Hilo niliseme mapema,
gari lisije likasingiziwa.
Kilichovunjika ni ulimi wa kidirisha chake,
kipande cha plastiki kisichozidi kidole gumba,
chenye kijipini kila upande,
kazi yake kuuambia upepo wa moto: nenda kule.
Kikikosekana, joto lote hupanda kiooni
kuwapasha mbu waliokufa tangu masika,
na mama, kiti cha kushoto,
hukunja magoti ndani ya khanga mbili na blanketi.

"Ulimi hatuuzi. Tunauza dashibodi nzima,"
alisema muuza spea wa Makambako
bila kutoa kijiti mdomoni.
Laki mbili na nusu. Kwa ulimi.
Gebhadi fundi akacheka: "Dada, chomeka njiti, uende."

Tukachomeka njiti. Tukachomeka vocha iliyokwanguliwa.
Tukachomeka kijiko cha harusi ya Winfrida.
Kila kimoja kikalainika, kikainama
kama mgeni anayetafuta namna ya kuaga.

Jumamosi nikaketi jikoni kwa mama:
jiko la mkaa, msumari wa nchi nne, koleo,
kisu cha kumenyea viazi,
majivu yaliyochekechwa, supaglu ya mia tano.
Plastiki nayo ina koo zake, nimejifunza kwa hasara.
Ya ndoo haishikani na ya gari,
ya chupa ya soda huyeyuka ikatoroka.
Unapasha msumari, unagusa, unanusa.
Moshi ukinuka mshumaa, achana naye.
Ukiwasha pua, mweusi, wenye nyuzinyuzi,
huyo ni ndugu.

Nikainusa nyumba nzima.
Kitana, bakuli, kifuniko cha chupa ya chai.
Kisha mama, ambaye hakuna aliyemuuliza,
akasema: "Redio."

Redio ya baba.
Miaka sita juu ya kabati,
chini ya kitambaa alichokifuma mama mwenyewe,
kimya, inasikiliza.
Nikasema hapana. Akasema lete.
Akazitoa betri zilizoota unga wa kijani,
akailaza kifudifudi, akapapasa mgongo wake:
"Kata hapa. Huku hakuna anayekuona."

Nikakata. Nikapiga tupa.
Nikashona ufa kwa pini za stepla,
nikizipasha hadi zizame
kama miguu ya kuku kwenye tope.
Gluu, majivu, gluu.
Mama alinishikia tochi ya simu
akimulika pua yangu kuliko kazi.
Niliungua vidole viwili;
kimoja kwa kosa langu.

Haukupendeza. Dashibodi ni ya kijivu,
ulimi una rangi ya chai ya maziwa,
na ubavuni zimebaki tarakimu za kiwandani,
saba, na nusu ya nne.

Jumatatu, saa kumi na moja, safari ya kliniki Ilembula.
Nikausukuma ulimi chini kwa kidole kizima.
Ukalia tik.
Ukakaa.

Tulipopita chai ya Kibena, ukungu umelalia majani,
mama akafunua goti moja.
Baadaye sana, la pili.
Hakusema neno hadi taa za Makambako.
Hapo akainama, akakisogezea kidirisha sikio
kama mtu anayetafuta stesheni.

"Leo inashika," akasema.

Nikapunguza gia.
Mbele yetu kulikuwa na lori la mbao,
halina taa hata moja.